Alama za Namba 318

Bhusawal, 24 Aprili 1993

Kwa Mkurugenzi,
Taasisi ya Vikrampeth ya Masomo kwa Posta,
Pune.

YAH: ALAMA ZA JARIBIO LA PILI, NAMBA YA USAJILI 317

Bwana Mkurugenzi,

Mimi ni karani wa vifurushi katika stesheni ya Bhusawal. Mtu akiniambia ameleta magunia sitini na mimi nikaona hamsini na tisa, hapati saini yangu. Nakuambia haya ili ujue unazungumza na mtu wa namna gani.

Mwezi wa Januari nilijiandikisha kwenu pamoja na mdogo wangu Sulabha, mtutumie majaribio kumi ya kujiandaa na mtihani wa Desemba wa kuingia vyuo vya biashara. Tunajifungia chumbani kwa muda wa saa mbili kamili, tunajibu maswali mia, tunawatumia karatasi. Ninyi mnasahihisha, mnaturudishia alama tupu pamoja na orodha ya majibu sahihi.

Mimi huweka karatasi ya kaboni chini ya majibu yangu. Nimelinganisha nakala yangu na orodha yenu. Nimepata 71. Mmeniandikia 57. Nimehesabu mara tatu, kisha nikampa Aai, mama yetu, ambaye hajui Kiingereza lakini vema anaijua akiiona. Naye kapata 71.

Mdogo wangu, namba 318, mmempa 44. Hiyo siibishi. Yeye hakuweka nakala, na hesabu za kukimbizana na saa hazijawahi kuwa zake. Ninayoibisha ni yangu.

Naomba maelezo.

Kunda Barhate

*

Pune, 6 Mei 1993

Kwa Namba 317,

Barua yako imepokelewa na kusomwa kwa uzito unaostahili.

Alama zinazotolewa na Taasisi hazihesabiwi kwa vidole. Hupitia usawazishaji wa kitaalamu ambao maelezo yake ni marefu kuliko nafasi ya barua hii. Uzoefu wetu wa miaka kumi na mmoja unaonyesha kwamba mwanafunzi anayebishana na alama zake kwa kawaida anaukimbia udhaifu wake. Tunakushauri utulie, uongeze bidii, na ujiunge na Majaribio ya Nyongeza ambayo fomu yake imeambatanishwa.

Profesa V. S. Phadnis
Mkurugenzi

*

Bhusawal, 12 Mei 1993

Bwana Phadnis,

Fomu yako nimeirudisha ndani ya bahasha hii, haina hata doa. Itakufaa kwa mwingine.

Unasema naukimbia udhaifu wangu. Mimi sijakimbia popote, niko hapa hapa stesheni na anwani yangu unayo. Anayekimbia ni wewe. Nimekuuliza swali la mtoto wa darasa la pili: vema sabini na moja zinageukaje hamsini na saba? Umenijibu kwa neno "usawazishaji". Mteja akikuta gunia limepungua nikamwambia nimelisawazisha, nitalala mahabusu.

Na ujue haya si mchezo kwetu. Baba alikubali tusome kwa sharti moja: atakayeshindwa kufika hamsini katika majaribio mawili ya kwanza ataacha, na watu wa posa wataruhusiwa kuja. Mdogo wangu amepata 46, kisha 44. Jana vitabu vyake vimefungwa kamba. Mimi mngenipunguzia alama nane zaidi, ningekuwa kwenye foleni hiyo hiyo.

Jibu swali.

K. Barhate

*

Akola, 4 Julai 1993

Akka,

Nimefika, dada yangu, nimezoea, na usimwambie Aai kwamba nalia maana silii. Joto la Akola linamchemsha mtu na nguo zake. Shridhar ni mume mpole. Anauza dawa, na kila mteja anazungumza naye kama shangazi yake, kwa hiyo anayekuja kununua vidonge vinne anaondoka baada ya nusu saa. Mama mkwe anasema sana lakini hasemi vibaya.

Jana aliniuliza, "Hivi kwenu ulikuwa unasomea nini mpaka kidole kimeota sugu ya kalamu?"

Nikamwambia kulikuwa na mtihani fulani, nikashindwa majaribio, nikaacha.

"Ulishindwa mangapi?"

"Mawili."

Alinitazama kama nimemtania. "Mawili tu? Mimi nilishindwa kupika mkate mtamu wa puranpoli mwaka mzima, na hapa kwenye nyumba hii walikula hivyo hivyo."

Nikarudi kumenya vitunguu.

Wewe endelea. Baba sasa anakutegemea wewe. Bado unagombana na yule profesa wako? Mwache apumue, atakufa kwa presha kabla ya Desemba na utakosa mtu wa kumtukana.

Mdogo wako,
Sulabha

*

Bhusawal, 19 Julai 1993

Bwana Phadnis,

Jaribio la tatu: nimehesabu 70, mmenipa 58. Jaribio la nne: nimehesabu 73, mmenipa 73. Mmepona, au kuna mtu hapo ofisini amejifunza kuhesabu?

Barua zangu tatu za katikati hamkuzijibu. Hii naiandika kwa yeyote hapo anayeshika kalamu nyekundu. Kama una haya, nijibu wewe. Profesa nimemchoka.

K. Barhate
Namba 317

*

Pune, 28 Julai 1993

Dada Kunda,

Mwenye kalamu nyekundu ni mimi. Naitwa Eknath Dhotre. Naandika nikiwa nyumbani, wala si kwenye karatasi ya Taasisi, na nakuomba usinitaje.

Hesabu zako zote ni sahihi. Mimi nasahihisha kwa haki na kuandika alama ya kweli kwa penseli. Kisha karatasi zinakwenda mezani kwa Profesa, naye anaandika pembeni alama ya kutuma, nami naiweka kwa wino. Majaribio matatu ya kwanza yanapunguzwa. Ya nne hadi ya sita yanaachwa. Kuanzia la saba yanaongezwa. Hivyo kila mwanafunzi anajiona anapanda, anatuandikia shukrani, na shukrani zinachapishwa kwenye tangazo la mwaka unaofuata. Wanaoanza juu ndio wanaokatwa zaidi. Profesa anasema aliyeanza juu hana pa kupanda.

Kwa hiyo jihadhari. Jaribio la nane ukipewa 85, usishangilie.

Mtihani huo mimi niliufanya mara tatu nikiwa kijana. Sikuitwa popote. Kusahihisha ya wengine ndiko karibu zaidi nilikofika, na nimekuwa hapa miaka tisa.

E. Dhotre

*

Bhusawal, 3 Agosti 1993

Bwana Dhotre,

Unaomba nisikutaje. Miaka tisa umeandika uongo kwa wino, na la kwanza unaloniambia ni kwamba jina lako lisiguswe.

Sijali kama alama aliandika Profesa pembeni. Mkono uliozihamisha ni wako. Ile 44 ilisomwa na Baba mezani kwa sauti, tukiwa tunakula, na mdogo wangu akaomba radhi. Aliomba radhi, Bwana Dhotre, kana kwamba amevunja sahani. Juni akaolewa.

Sasa nakuuliza jambo moja na ukinidanganya nitapanda treni nije mpaka mlangoni kwako, na tiketi silipi, mimi ni mfanyakazi wa reli. Namba 318 alipata ngapi?

Kunda Barhate

*

Pune, 14 Agosti 1993

Dada Kunda,

Namba zote za penseli nimezinakili katika daftari langu tangu mwaka wa kwanza. Sijui kwa nini. Pengine ili siku moja mtu aniulize.

Namba 318: jaribio la kwanza 74, la pili 79. Hiyo 79 ndiyo ilikuwa ya juu kuliko zote za wanafunzi wetu mia nne mwezi ule. Namkumbuka kwa sababu maswali ya majedwali, ambayo wengi huyaruka, yeye aliyajibu yote ishirini bila kosa. Profesa aliposhika karatasi ile alisema, "Huyu atatukimbia," akaandika 44.

Fomu za mtihani zinapokewa hadi tarehe 15 Septemba. Bado ana mwezi mzima. Mwambie.

Majaribio yako yaliyobaki nitakutumia na alama za kweli, kwa bahasha ya pembeni. Ninachoomba ni kimya mpaka Desemba. Baada ya hapo sema utakalo.

E. Dhotre

*

Bhusawal, 24 Oktoba 1993

Mdogo wangu Sulabha,

Kaa chini ndipo usome hii.

Yule Phadnis ni mwizi. Alikuwa anapunguza alama za majaribio ya kwanza kwa makusudi, na wewe alikupunguzia kuliko wote. Hukupata 44. Ulipata 79. Na lile la kwanza 74. Hukuwahi kuwa chini ya hamsini hata siku moja. Msahihishaji wake mwenyewe amekiri, na barua yake nimeiweka humu uione kwa macho yako, usije ukadhani nakufariji.

Nina hasira siwezi kukueleza. Jana nimemfokea mteja mpaka mkuu wa stesheni akatoka ofisini. Alikuchukulia mwaka mzima, yule mzee, kwa mstari mmoja wa wino, halafu anakaa huko anajiita Profesa.

Sikukuandikia mapema kwa sababu ulikuwa bibi harusi, nikaona nisikuvuruge. Mtihani ukiisha nitamshughulikia, nakuahidi. Na mwakani, kama Shridhar atakubali, nitazungumza na Baba, tutaona la kufanya.

Aai anauliza mtafika siku gani kwa Diwali. Ni Diwali yenu ya kwanza, ameshaanza kukaanga vitafunio vya chakli, na Baba amenunua shati la mkwe.

Dada yako,
Kunda

*

Akola, 2 Novemba 1993

Akka,

Nilikaa chini kama ulivyosema. Nikasoma yako, kisha nikasoma ya Bwana Dhotre. Yako haikunishtua. Iliyonishtua ni tarehe iliyo juu ya barua yake.

Tarehe 14 Agosti. Ameandika: fomu zinapokewa hadi 15 Septemba, bado ana mwezi mzima, mwambie. Leo ni Novemba. Uliikalia barua hii wiki kumi, ukaituma baada ya dirisha kufungwa, na umeituma nzima nzima, bila hata kukata mstari ule. Sijui ulisahau au ulitaka nikukamate. Nimefikiria siku nne na bado sijui.

Usiniambie habari za bibi harusi. Shridhar ningemwonyesha barua ile saa ile ile, na yeye angefunga duka akaenda posta kuniletea fomu. Hukunikinga na mtu yeyote. Uliogopa 79.

Na kuna lingine, hili la zamani zaidi. Jioni ile zilipokuja alama, wewe ulikuwa mezani unaandika malalamiko yako. Nilikuonyesha 44 yangu. Uliinua macho, ukasema, "Si kitu, hesabu za haraka hazikuwa zako," ukaendelea kuandika. Hukuniuliza kama mimi mwenyewe naamini. Mimi nilijua yale majedwali nimeyapata yote. Nilijua, Akka. Ila nilikuona wewe, mtu asiyekubali gunia moja lipungue, umeikubali namba yangu bila kuihesabu, nikasema basi lazima ni kweli. Phadnis aliandika 44. Wewe ndiye uliyenifanya niiamini.

Yako uliibishia barua sita. Yangu hukuibishia hata neno moja.

Sasa sikia. Hapa hawanitesi, na usiniandikie kama mtu aliyezikwa. Sihitaji uzungumze na Baba kwa niaba yangu, wala usubiri Shridhar akubali, kwa sababu nilishamsomea barua zote mbili na yeye ndiye aliyetaka kupanda treni kuja kwenu. Nimemzuia mimi.

Kwa Diwali hatutakuja. Aai na Baba watauliza kwa nini. Waambie wewe, kwa mdomo wako, wote wawili wakiwa wamekaa. Usiseme nina homa.

Na hilo la kunyamaza mpaka Desemba, wewe na Bwana Dhotre mlikubaliana, mimi sikuulizwa. Wako mia nne pale. Wangapi wamefungiwa vitabu kamba mwaka huu, na mwaka jana, na miaka tisa? Nimeliandikia gazeti la Pune, kwa jina langu na namba yangu.

Sulabha Zope

*

Pune, 25 Novemba 1993

Dada Kunda,

Tulikubaliana kukaa kimya. Jumapili nimefungua gazeti nikakuta barua ya mdogo wako, ukurasa wa tatu, na maneno yangu ndani yake: "huyu atatukimbia". Maneno hayo yalisemwa kwenye chumba chenye watu wawili. Jumatatu saa nne asubuhi sikuwa na kazi.

Nimekasirika, na sitajifanya sikukasirika. Nilikuamini wewe. Ulikuwa huru kumwambia ndugu yako mwezi wa Agosti, nilikuomba umwambie, naye angefanya mtihani wake na mimi ningetoka kwa miguu yangu mwezi wa Januari. Badala yake ulikaa na siri mpaka ikaoza, na harufu imeniangukia mimi.

Profesa alituma mtu nyumbani kulichukua daftari. Nilimwambia limepotea. Kisha nililifunga kwenye mfuko wa mchele nikampelekea mwandishi wa gazeti. Tangu juzi kuna foleni ya vijana na wazazi wao barabarani mbele ya Taasisi, kila mmoja ameshika namba yake anataka kujua ya kweli. Mama mmoja alinitambua akanitemea mate kiatuni. Kisha nikamtafutia ya mwanawe kichwani: 68, waliandika 49.

Jaribio lako la kumi liko humu. 77, haijaguswa. Ni la mwisho nililosahihisha. Nenda ukafanye mtihani wako.

E. Dhotre

*

Bhusawal, 6 Februari 1994

Sulabha,

Barua zangu nne hukujibu, na hii huenda usijibu. Naandika hivyo hivyo.

Niliwaambia, Aai na Baba, wote wawili wakiwa wamekaa. Aai aliacha kukaanga, akazima jiko na mafuta yakiwa bado yana chakli ndani. Baba aliuliza, "Ulijua mwezi wa Agosti?" Nikasema ndiyo. Akanyanyuka, akaenda kulifungua furushi la vitabu vyako, akakaa nalo mapajani mpaka chai ikapoa. Wiki tatu hakusema na mimi. Na mimi nilimwambia kwamba sharti la hamsini lilikuwa lake, si la Phadnis, na hilo nalo halikumfurahisha.

Uliandika hujui kama nilisahau kukata ule mstari. Sikusahau. Mkasi nilikuwa nao mkononi. Nimejiuliza tangu siku ile na jibu ninalopata si zuri: nilitaka ujue, ila nilitaka ujue ukiwa umeshachelewa. Ulikuwa ni mwaka wangu. Tangu utotoni wewe ulikuwa unacheza wakati mimi nasoma, na bado walimu walikuwa wanakuita wewe ubaoni. Nilipopata 71 nikaona wewe 44, nilikuhurumia, na ile huruma ilikuwa tamu. Niliposoma 79 niliukosa ule utamu. Hayo ndiyo yote. Siombi uyapende.

Jana imekuja barua ya matokeo. Nimeitwa kwenye usaili, vyuo viwili, Machi. Baba ameiweka kwenye rafu ya miungu. Sijui kukuandikia jambo hili, lakini ukilisikia kwa mtu mwingine itakuwa ni Agosti tena.

Kunda

*

Akola, 20 Februari 1994

Akka,

Nimeipata. Nimeisoma mara mbili, mara moja kwa sauti, kwa sababu mama mkwe alisema naficha mdomo na hapendi watu wanaosoma kimoyomoyo jikoni. Nilipofika kwenye ile huruma iliyokuwa tamu alisema, "Angalau huyu hasingizii homa."

Hujaniomba radhi na nashukuru, maana ningelazimika kujibu. Sijakusamehe. Nikikumbuka wiki zile kumi naponda kitunguu saumu mpaka Shridhar anauliza kitunguu kimekosa nini. Nimefurahi kwamba umeitwa, na nimekasirika, yote mawili yako ndani kwa pamoja na usinitake nichague moja.

Nenda kwenye usaili. Wakikuuliza kwa nini unataka biashara, usiwaambie habari za magunia, kila mtu wa reli huwaambia habari za magunia.

Mimi ni Desemba hii. Karatasi za mitihani ya miaka iliyopita nimezipata kwa mwalimu mmoja hapa, ni nyingi, na hazipitii kwa Profesa yeyote. Kila Jumapili asubuhi nafagia chumba cha mbele nafunga mlango. Mama mkwe alifanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka ishirini, akiwakatia watu simu dakika ya tatu ikitimia hata kama wanalia, kwa hiyo ndiye anayeshika saa. Hanionei huruma hata sekunde. "Kalamu chini," anasema, na mimi niko katikati ya hesabu, na kalamu inakwenda chini.

Kisha nasahihisha mwenyewe. Jumapili iliyopita sikupata namba nzuri, lilikuwa jaribio gumu na nilikuwa na mafua. Nimeiandika vile vile ilivyo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino. Hutaniuliza ni ngapi, na mimi sitakuambia. Ni yangu, naiamini, na inanitosha kuanzia.

Mwambie Aai nitakuja Aprili, peke yangu, kumwona yeye na Baba. Wewe utakuwepo au hutakuwepo, sitapanga safari kwa ajili ya hilo. Lakini ukiwepo, usijifiche stesheni.

Sulabha